Picha Isiyo na Jina: Mafunzo ya Banda la Kwaluguru

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea mno. Sisi walimu huifundisha darasani kila mwaka kwa maana ya ukarimu, wanafunzi huinakili madaftarini mwao, na kengele ikilia tunaendelea na somo jingine. Hatukudhani kwamba siku moja methali hiyo ingetugeukia sisi wenyewe. Tulikuwa wenyeji wa maonyesho madogo ya picha yaliyofanyika ndani ya banda la muda huko Kwaluguru, katika Wilaya ya Handeni. Wageni walikuja, na wagonjwa waliopona tulikuwa sisi tuliowaalika.

Yafaa kwanza tueleze banda lenyewe, maana umbo lake lilichangia sana katika yale yaliyotokea. Hatukuwa na ukumbi. Madarasa yalikuwa yamejaa madawati, na ofisi ya kijiji ilikuwa na shughuli zake. Basi baada ya mavuno ya mahindi, jua lilipokuwa limekausha majani yote, wazazi walitusaidia kukata miti na fito, wanafunzi wakaleta nyasi za kuezekea, na turubai moja la kuazima likafunika upande wa upepo. Kuta tatu zilikuwa za mikeka na majamvi. Upande wa nne tuliuacha wazi, ukitazamana na njia iendayo sokoni. Picha tulizibandika juu ya vipande vya makaratasi magumu, tukazitundika kwa kamba za mkonge zilizosokotwa papo hapo. Banda la namna hiyo halina mlango, wala halina bawabu. Mtu atokaye shambani na jembe lake begani aweza kuingia bila kujiuliza kama amevaa vizuri. Tuliamini kwamba huo ulikuwa udhaifu wa maonyesho yetu. Baadaye tulitambua kwamba ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Nia yetu ilikuwa njema. Tulitaka wanafunzi waione historia ya nchi yao, Handeni na Korogwe, kwa macho, badala ya kuikariri kwa ajili ya mtihani tu. Tulikumbuka kwamba mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Tanganyika, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Nasi tulijiambia kwamba roho hiyo haina budi kutafutwa pia katika vijiji vyetu.

Picha tulizokuwa nazo zilikuwa za aina mbili. Aina ya kwanza ni nakala za picha zilizopigwa zama za utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Nyingi za namna hii zimehifadhiwa Ulaya. Hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, inazo kwa wingi picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika nchi yetu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2008 ilifungua makumi ya maelfu ya picha zake kwa umma kupitia mtandao wa intaneti. Leo mwalimu wa kijijini aweza kuziona akiwa na simu tu mkononi. Aina ya pili ni picha za miaka ya Uhuru: wanakijiji wakijenga darasa, vijana wakipalilia shamba la pamoja, akina mama wakiteka maji kisimani.

Tulizipanga kwa utaratibu wa vitabu. Hapa reli ya kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Pale mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka huohuo wa 1893, na ambalo miche yake 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, ikawa chanzo cha mashamba yaliyoenea katika nchi nzima ya Tanga. Kisha manamba, wafanyakazi wa mkataba wa mashamba hayo. Mwisho vijiji vya Ujamaa. Chini ya kila picha tuliweka maelezo mafupi kwa mwandiko safi: “Wafanyakazi wa mkonge”. “Mwanamke wa Kizigua”. “Wapagazi njiani”. Tulisimama mbele ya kazi yetu jioni ile tukaiona kuwa nzuri, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro yake.

Siku ya kwanza wageni walikuwa wengi. Watoto walipita haraka wakijitafuta wao wenyewe, nao walipokosa sura zao wakatoka nje kucheza. Wanaume walikusanyika mbele ya picha ya gari la moshi, wakabishana kuhusu mahali palipokuwa na daraja. Vijana waliokwisha maliza shule walizipiga picha zile kwa simu zao, nao wakapigana picha wao kwa wao mbele yake. Katika daftari la wageni waliandika maneno tuliyoyatarajia: hongereni, tumefurahi, endeleeni na moyo huo. Tuliyasoma kwa ridhaa kubwa.

Lakini kulikuwa na kona moja iliyokuwa na kicheko. Hapo tulikuwa tumetundika ile picha ya mwanamke, iliyopigwa zama za Wajerumani. Amesimama mbele ya nyumba ya msonge, kifua wazi, mikono imenyooka ubavuni kama mtu aliyeamriwa asijitikise. Macho yake hayamtazami mpiga picha. Yanatazama kando, mahali ambapo sisi hatuwezi kupaona. Wavulana walisukumana kwenda kumtazama. Wasichana waliziba vinywa vyao kwa viganja. Sisi tuliwakemea kwa sauti ya kimwalimu, tukiwaambia kuwa hiyo ni historia, na historia haichekwi. Wakanyamaza tulipokuwa karibu, wakacheka tulipogeuka.

Alasiri aliingia bibi mmoja wa makamo ya kuwa mama wa wengi wetu. Alipita taratibu kutoka picha hadi picha, mikono nyuma. Alipofika kwenye kona ile alisimama muda mrefu. Halafu akauliza bila kutugeukia:

“Walimu, huyu ni nani?”

Tulimsomea maelezo yetu: mwanamke wa Kizigua.

“Hilo naliona. Mimi pia ni mwanamke wa Kizigua. Nauliza, huyu ni nani? Mama wa nani? Kwao wapi?”

Hatukuwa na jibu. Tulimweleza kwamba mpiga picha hakuliandika jina lake. Bibi akatikisa kichwa. Akavua kanga yake ya juu, akaikunjua, akaifunika picha ile, na ncha mbili za kanga akazifunga kwenye kamba ya mkonge kwa fundo imara. Kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau:

“Angekuwa mama yenu, wanangu, mngemtundika hivi njiani, kila apitaye amcheke?”

Akatoka akiwa na kanga moja tu kiunoni na gauni lake, akaelekea nyumbani. Wavulana hawakucheka tena. Sisi tulibaki tumeinamisha vichwa.

Usiku ule tuliukesha bandani, maana tulichelea umande na wezi, na taa ikiwa imening'inia kwenye nguzo ya kati tulijadiliana kwa ukali. Baadhi yetu walisema kanga iondolewe asubuhi, tumrudishie mwenyewe kwa heshima. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema kwamba ukoloni ndio uliompiga picha ile, na kuificha ni kuuficha ukoloni. Kwamba mavazi ya zamani hayakuwa aibu kwa waliokuwa wakiyavaa, na aibu hiyo tumeazima kwa wengine. Na kwamba mwanafunzi asiyeonyeshwa ukweli hawezi kuujua. Wengine walijibu kwamba ukweli wa picha ile haumo katika kifua cha mwanamke yule, umo katika mikono yake iliyonyooka. Yeye hakuchagua kusimama vile. Mpiga picha alimtwaa kama mtu atwaavyo mfano wa jiwe au wa mmea, akamwandikia kabila badala ya jina, akaondoka. Nasi, baada ya miaka zaidi ya 100, tukayarudia maneno ya mpiga picha kwa mwandiko wetu wenyewe, wala hatukulazimishwa na mtu. Kasumba tuliyoihubiri darasani tulikuwa tumeitundika ukutani kwa kamba za mkonge.

Kulipopambazuka tulikwenda nyumbani kwa bibi kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa uji. Tulimwuliza afadhali tuiondoe picha ile au vipi. Alifikiri, kisha akasema kwamba picha si yake hata aifiche, na kwamba yule naye huenda amekuja kututafuta sisi jamaa zake. Alitaka jambo moja tu: asitazamwe kama kitu. Atakayetaka kumwona na amwamkie kwanza, kama aingiavyo nyumbani kwa watu.

Basi ndivyo tulivyofanya. Kanga ilibaki mahali pake. Tuliyafuta maelezo ya kwanza, tukaandika: “Bibi huyu jina lake hatulijui. Mwamkie kwanza, kisha ufunue.” Siku ya pili wavulana walewale waliokuwa wakisukumana walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja alisema, “Shikamoo, bibi,” akaifunua kanga kidogo, akatazama, akaifunika tena. Mmoja wao alituuliza kwa nini bibi yule anatazama kando. Katika miaka yote ya kufundisha historia, ni mara chache tulipata swali zuri kama hilo.

Habari ya kanga ilienea hadi vijiji vya jirani, na wageni wa siku ya pili hawakuwa kama wa siku ya kwanza. Hawakuja tena kupita. Walikuja kuuliza. Mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa manamba alisimama mbele ya picha ya wakata mkonge. Twakumbuka kwamba wakulima wa mkonge waliunda mwaka 1944 chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichoitwa SILABU, na kwamba watu waliletwa toka mbali, toka Kigoma, Songea na hata Ruanda-Urundi. Neno lenyewe manamba latokana na namba walizopewa. Mzee aliwahesabu watu wale kwa kidole, mmoja mmoja, akasema: “Namba zao zimehifadhiwa. Majina yao nani anayo?” Baba yake hakuwamo katika picha ile, lakini alitutajia jina lake na kijiji alichotoka, akatuomba tuandike pembeni. Tuliandika.

Mbele ya picha ya wanakijiji wakijenga darasa palizuka mabishano. Baba mmoja aliisifu, akisema kuwa bila kijiji asingesoma, wala mama zake wasingepata kisima. Mama mmoja alimjibu kwamba yeye anaikumbuka miembe ya baba yake iliyobaki porini walipohamishwa. Sote twajua kuwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na kwamba kazi hiyo ilitakiwa iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Wawili hao walisema kweli wote wawili. Picha ilionyesha darasa; haikuweza kuonyesha miembe. Tuliwaacha wazungumze, na wanafunzi wakawasikiliza kwa makini kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Mgeni ambaye maneno yake yalituingia sana alitoka Chogo, makazi yaliyomo humuhumu wilayani Handeni, ambako wanaishi Wazigua waliorudi kutoka Somalia. Historia yao yajulikana. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 na iliyofuata, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi, wakauzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 maelfu walikimbia, na baadhi yao walikuja moja kwa moja kwenye nchi ambayo babu zao walikuwa wakiitaja. Walikuja wakisema Kizigua. Serikali ya Tanzania iliwapokea, na wengi wao wakapewa uraia.

Mgeni huyo aliyapita maonyesho yote kimya. Alipomaliza alisema kwamba ya kwao hakuna hata picha moja. Nasi tulipopiga hesabu tuliona jinsi ilivyo: ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa dunia huko Ufaransa mwaka 1839, na wazee wake walichukuliwa zama zilezile, kabla kamera haijafika katika pwani hii. “Sura zao hatuzijui,” alisema, “lakini majina tunayo. Tuliambizana usiku, mtu na mwanawe.” Akatutajia majina ya babu zake hadi tukashindwa kuandika kwa kasi yake.

Hapo ndipo tulipoelewa ugonjwa wetu. Yeye alikuwa na majina yasiyo na picha, nasi tulikuwa na picha zisizo na majina, na kati yetu aliyekuwa maskini hakuwa yeye. Tena tulikuwa tumesahau hata ardhi tuliyosimama juu yake. Nchi hii imejaa mahali panapoanza kwa “Kwa”: Kwaluguru, Kwamsisi, Kwamatuku, Kwachaga, Kwamkonje. Kila asikiaye huuliza, kwa nani? Watu waliozoea kupajua mahali kwa jina la mwenyeji wangewezaje kuridhika na picha isiyo na mwenyewe?

Siku ya tatu masanduku yalifunguliwa. Tulipokuwa tukitayarisha maonyesho tuliwaomba wanakijiji watuazime picha zao, wakasita. Sasa walizileta bila kuombwa, zimefungwa katika leso na mifuko ya nailoni. Zilikuwemo picha za pasipoti zilizoliwa na mchwa pembeni, picha za studio za Korogwe na Tanga zenye pazia lililochorwa bahari, picha ya arusi ambayo bwana arusi peke yake ndiye aliyekuwa amevaa viatu. Kila picha ilikuja na mtu wa kuisimulia. Banda lilijaa hadi tukafunga kamba nyingine nje, kati ya mwembe na nguzo.

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kuwa haya ni mambo madogo ya kijiji kimoja. Sivyo. Majirani zetu wa Kenya walipitia jambo zito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilizuka ghasia ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakapoteza makao. Mpiga picha Boniface Mwangi, aliyeziona ghasia hizo kwa kamera yake, alianzisha mwaka 2009 maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Picha zilipelekwa mitaani, katika miji ileile iliyoungua, watu wakazitazama hadharani. Wako waliolia na wako waliokasirika, na wageni waliombwa kutia saini ahadi ya amani. Kazi ile na yetu zatofautiana kama mto na kijito, lakini maji ni yaleyale: picha ikitolewa katika jumba na kuwekwa njiani pa watu inaowahusu, hao hawawi watazamaji tena. Wanakuwa mashahidi, na shahidi ana haki ya kusema kwamba maelezo yaliyoandikwa si sahihi.

Kwa hiyo twapenda kuwashauri walimu wenzetu na wanafunzi jambo lililo rahisi. Msingoje jumba la makumbusho. Fungueni masanduku ya nyumbani kwenu leo, wakati wazee wangalipo. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli, taratibu, jina la kila mtu, mahali, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyewasimulia. Picha za simu nazo zina hatari hiyohiyo. Zitakuwa nyingi kuliko za mababu zetu, na zikikosa majina zitakuwa yatima wengi zaidi. Na mnapoionyesha picha ya mtu asiyeweza tena kujisemea, jiulizeni kwanza kama angekubali kusimama mahali mlipomtundika.

Banda tulilibomoa kabla ya mvua za vuli. Miti iligawiwa kwa waliokuwa na vibanda vya kuku vya kutengeneza, nyasi zikawa matandazo ya bustani ya shule, na turubai likarudi kwa mwenyewe. Picha za watu tulizirudisha nyumba kwa nyumba. Kanga ya bibi tuliifua, tukaipiga pasi, tukampelekea pamoja na sukari kidogo. Aliipokea, akaiweka magotini, akatuuliza kama tumekwisha kulipata jina.

Tulimjibu kwamba bado. Akasema, “Basi msiache kuuliza.” Picha ile ipo katika kabati la shule, imeviringwa katika kitambaa, na nyuma yake tumeacha mstari mmoja mtupu.